Tazama Vipapasio Kabla ya Kubeba Bomba la Dawa

Mkulima wa Tanga, iwe una minazi Pangani au michungwa Muheza, usimpulizie mdudu usiyemjua. Mkamate, muweke kwenye karatasi nyeupe, kisha tazama vipapasio, zile nyuzi mbili zinazoota kichwani. Mdudu hunusia na kupapasia kwazo, na umbo la vipapasio hutofautiana jamii kwa jamii. Lenzi ya mkono ya kukuza mara 10 inatosha.

Linaloniuma zaidi ni wanavyotendewa maji moto, wale sisimizi wanaoshona majani mitini. Wengi huwachoma moto kwa kuwa wanauma mkwezi, na wengine huwachanganya na mchwa. Tazama vizuri: kipapasio cha maji moto kina pingili ndefu ya kwanza, kisha kinakunjika kama kiwiko, na kiuno chake ni chembamba. Cha mchwa kimenyooka, pingili zake ni duara ndogondogo zilizofuatana kama shanga, na kiuno ni kinene. Mchwa hutafuna miche. Maji moto anakulindia vidaka: humfukuza yule kunguni wa kahawia anayefyonza vidaka mpaka vikatoa utomvu na kuanguka. Kunguni huyo naye ana vipapasio virefu vyenye pingili nne tu. Ukiona maji moto wameshona majani juu ya mnazi, waache, na usipige dawa hapo. Mkwezi ajipake majivu mikononi na miguuni.

Chonga, mbawakawa adui wa kilele cha mnazi, ana vipapasio vifupi vyenye vibamba nchani, vinavyofunguka na kufunga. Mtoe tunduni kwa waya wenye ndoano. Magogo ya minazi yaliyooza yachomwe au yafukiwe, maana ndimo funza wake wanamokulia.

Ghalani, fukusi ana mdomo mrefu, na vipapasio vyake vilivyokunjika vimeota kwenye mdomo huo. Dumuzi hana mdomo huo; kichwa amekiinamisha chini ya kifua, na pingili tatu za mwisho za kipapasio ni nene. Tofauti hii ina thamani ya gunia zima, kwani dawa iitwayo pirimifosi-methili humuua fukusi vizuri lakini kwa dumuzi ni dhaifu. Dumuzi huhitaji dawa nyingine, pemethrini. Ndiyo maana baadhi ya dawa za unga za kuhifadhia mahindi huchanganya zote mbili. Soma lebo kabla ya kulipa, na pukuchua mahindi kwanza, kwa sababu dumuzi hustawi zaidi kwenye mahindi yaliyo bado kwenye magunzi.

Nzi wa matunda ana vipapasio vifupi mno, kila kimoja na unywele mmoja ubavuni. Madume ya baadhi ya nzi hawa huvutwa na harufu ya kemikali iitwayo methili yujenoli, kwa hiyo tundika mtego wenye kivutio hicho michungwani. Matunda yaliyodondoka yaokotwe mara kwa mara, yafungwe ndani ya mfuko mweusi na kuanikwa juani mpaka funza wafe.