Jinsi ya kuwavisha pete makinda ya membe, Farne Islands

Kila Mei membe wa Aktiki wanarudi Farne Islands, visiwa vidogo kaskazini mashariki mwa Uingereza, wametokea huko chini kabisa kwenye barafu za Antaktika, na wanataga chini tu kwenye mchanga na majani. Kama umepata nafasi ya kusaidia kuvisha pete (kipete chepesi chenye namba, cha kumtambua ndege popote atakapoonekana) basi jua kwanza kwamba bila kibali cha BTO, shirika la utafiti wa ndege la Uingereza, humgusi ndege, mwanzoni unafanya chini ya mkufunzi na hakuna njia ya mkato.

Vaa kofia ngumu. Mzazi anakushukia kichwani na mdomo kama sindano, damu inatoka kweli, ila anapiga pale palipo juu zaidi kwahiyo fimbo ukiinyanyua inakusaidia. Lakini macho yabaki chini jamani!! Kinda akiogopa mara nyingi anajilaza kimya, rangi yake na mchanga huwezi kutofautisha, hatua moja ya pupa umeshamuua.

Mshike mgongo ukae kiganjani, shingo ipite kati ya kidole cha shahada na cha kati, na usimbane kifua maana ndo anachopumulia. Pete unaifunga mguuni kwa koleo yake maalum, taratibu, mpaka ncha zikutane, zisipishane na zisiache uwazi wa kunasa nyasi au uzi. Kisha izungushe, inatakiwa icheze bila kubana. Soma namba kwa sauti, mwenzako aandike halafu akusomee tena, tarakimu moja ikikosewa kazi yote bure. Mrudishe palepale ulipomtoa.

Mvua ikianza au jua likichoma, acheni mtoke, hata kama mmebakiza nusu ya eneo. Wazazi wakiwa angani wanawapigia nyie kelele hakuna anayewafunika watoto, na mimi kwa hilo sina mjadala, idadi ya pete si kitu mbele ya kinda mmoja.

Faida yake? Kinda aliyevishwa pete Farne kiangazi cha 1982 alifika Melbourne, Australia, Oktoba hiyohiyo!

Wengine wanazunguka kusini mwa Afrika wanaingia Bahari ya Hindi, kwahiyo ukiokota membe mwenye pete usimshike mikono mitupu (mafua ya ndege yaliua ndege wengi Farne 2022), piga picha namba yote, andika tarehe na mahali, ikiwa pete ni ya Uingereza tuma kupitia www.ring.ac.