Ukianza kuchomelea nyumbani, anza na grinda ndogo
Wadau wa Dodoma mnaoanza kuchomelea nyumbani, msikimbilie mashine kubwa ya kukatia, grinda ya inchi 4 na nusu na msumeno wa chuma vinatosha kabisa kwa skwea paipu za madirisha. Jiwe la kukatia chukua la milimita 1, linapita haraka, ila usilitumie ubavu kusagia maana linapasuka na vipande vinakuja usoni, kusagia kuna jiwe lake nene. Pia soma RPM (mizunguko kwa dakika) iliyoandikwa kwenye jiwe, isiwe chini ya ile ya grinda, na kwenye ringi ya katikati huwa kuna tarehe ya mwisho, wengi hawaiangalii kabisa. Gadi, ile kinga inayofunika jiwe, usitoe. Msumeno weka bledi ya meno 24 kwa inchi. Na upepo wa huku kiangazi mnaujua, cheche zinafika mbali, fagieni majani makavu kwanza.