Namna ya kumwonyesha mwenzako kitu kizuri bila kumlisha maneno

Mtu anayeishi Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, hupata wageni, na mgeni akishapumzika, jambo la kwanza analoitiwa kutazama ni mlima. Nimewaona wenyeji wengi wakimtoa mgeni barazani saa nne asubuhi, wakinyoosha kidole kuelekea kaskazini na kusema, "Mzuri, sivyo?", ilhali mbele yao limetanda wingu tupu. Hata siku ambayo mlima uko wazi, swali hilo halimwachii mgeni nafasi ya kujibu lolote zaidi ya "ndiyo, mzuri sana", kwa adabu ya ugeni. Maelekezo yafuatayo yanahusu namna ya kuifanya kazi hiyo kwa uangalifu zaidi, iwe unachotaka kumwonyesha mwenzako ni Kibo, kilele kikuu cha mlima huo, wimbo wa kwaya au kikombe cha kahawa.

Anza kwa kwenda peke yako, siku moja au mbili kabla, mahali pale pale unapokusudia kumpeleka, ukae hadi ujue ni kitu gani hasa kilichokushika. Hatua hii huonekana haina maana kwa mtu aliyezaliwa chini ya mlima, lakini ndiyo inayorukwa kuliko zote, kwa kuwa mazoea hutufanya tuamini kwamba tunakiona kitu, kumbe tunakikumbuka tu. Andika mambo mawili au matatu uliyoyaona, si uliyoyahisi: kwa mfano, kwamba jua hugusa barafu ya Kibo wakati migomba ya huku chini bado imo kizani, au kwamba kilele cha Mawenzi, kilicho upande wako wa kulia, kimechongoka na kupasukapasuka, ilhali Kibo imetulia kama bakuli lililofudikizwa.

Chagua saa. Mfikishe mahali hapo yapata saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu jua likishapanda, miteremko hupata joto, hewa yenye unyevu huinuka kutoka msituni, na wingu hufunika vilele hadi jioni. Januari na Februari huwa na asubuhi nyingi zilizo wazi.

Mkishafika, usitaje sifa. Taja mahali pa kutazama. Arnold Isenberg, mwanafalsafa wa Marekani, aliandika mwaka 1949 kwamba mhakiki anayesema mchoro fulani una mistari inayopanda na kushuka kama wimbi hatoi ushahidi wa kuthibitisha kwamba mchoro ni mzuri, maana mistari ya namna hiyo inaweza kupatikana hata katika michoro mibaya. Anachofanya ni kuyaongoza macho ya msomaji hadi aone kile alichokiona yeye. Hivyo ukimwambia mwenzako "angalia ule mpaka ambapo barafu inakatika na mwamba unaanza", umempa kitu cha kufanya, lakini ukimwambia "inashangaza", umempa deni la kushangaa. Baada ya kumwonyesha pahali pamoja, nyamaza. Kimya hicho ni kigumu kwetu, kwa kuwa mwenyeji hujiona ana wajibu wa kumchangamsha mgeni, lakini jicho lina mwendo wake, na maneno mengi hulikimbiza.

Mfano bora wa kimya hicho ninaoufahamu uko hapa hapa Moshi, mji wa mnada wa kahawa, katika kazi ya waonjaji. Mwonjaji huvuta kahawa kutoka kwenye kijiko kwa sauti kubwa ili isambae mdomoni, huitema, kisha huandika alama zake bila kusema neno; kulinganisha huja baadaye, ili ulimi wa mmoja usiongozwe na maneno ya mwingine. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, katika insha yake ya mwaka 1757 kuhusu kipimo cha ladha, alikumbusha kisa cha waonjaji wawili wa divai, mmoja akidai ina ladha ya ngozi na mwingine akidai ina ladha ya chuma. Watu waliwacheka wote wawili, mpaka pipa lilipomwagwa na ufunguo wenye kamba ya ngozi ukaonekana chini. Kwa hiyo mwenzako akitaja jambo ambalo wewe hukuliona, usiharakishe kumsahihisha, rudi ukatazame.

Na asipokubaliana nawe kabisa? Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili, kama mwanafalsafa wa Ujerumani Immanuel Kant alivyoyatenganisha mwaka 1790. Ukisema mtori ni mtamu, inatosha kuongeza "kwangu mimi", na asiyeupenda hajakosea kitu. Lakini ukisema mlima ni mzuri, husemi habari zako peke yako. Unamtarajia kila mtu akubali, ingawa huna kanuni yoyote ya kumlazimisha. Nadhani ndiyo maana tunaumia mgeni anapotazama Kibo na kurudi kwenye simu yake, wakati hatuumii anapoacha chakula nusu. Usiyafiche matarajio hayo, wala usiyageuze kuwa mabishano. Mwambie wazi kwamba ungependa aone ulichokiona, muulize macho yake yametua wapi, kisha uanzie hapo alipo yeye.

Mimi hili nilifundishwa na mzee mmoja wa Kibosho. Nilimwendea nikiwa na mawazo yangu juu ya rangi za alfajiri, naye akanisikiliza kwa upole, kisha akanionyesha mfongo, yaani mfereji wa maji, uliokuwa ukipita kando ya kihamba chake, shamba lake la nyumbani, akaniambia niyasikilize maji kwanza, ndipo nitazame juu yanakotoka. Baada ya hapo alinyoosha fimbo na kunichorea hewani mahali barafu ilipofika alipokuwa kijana. Tangu mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu ya Kilimanjaro imetoweka, na takwimu hiyo niliijua, lakini sikuwahi kuuona mwamba ule mtupu kama mahali palipoachwa wazi hadi fimbo yake ilipopita juu yake. Hakunieleza huzuni yake hata kwa neno moja. Kwa hiyo unapomchagua mtu wa kutazama naye, usimchague tu yule ambaye hajawahi kuona. Mtafute pia aliyetazama miaka mingi kuliko wewe, umwombe akuongoze.

Kuhusu picha, itume baadaye kama ukumbusho, si kabla kama mwaliko. Richard Wollheim, mwanafalsafa wa Uingereza, alieleza mwaka 1980 kanuni ya kwamba hukumu juu ya uzuri hutokana na mtu kujionea mwenyewe, wala haihamishwi kirahisi kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Aliyeiona picha yako kwanza atakuja kuitafuta picha hiyo mlimani.

Kabla hamjaagana, mwombe mwenzako naye akupeleke mahali anapopapenda, hata kama ni uchochoro wa nyuma ya soko la Mbuyuni au mazoezi ya kwaya ya mtaani kwao. Mkifika, acha simu mfukoni, na mwache yeye aanze kusema.