Kupanga Sauti Kushoto na Kulia kwenye Miksa: Pani na Balansi

Kwenye miksa nyingi, kila chaneli ina kitufe cha kuzungusha chenye herufi L upande mmoja na R upande wa pili. Vitufe hivi hufanana, lakini kazi yake hutegemea aina ya chaneli. Kwenye chaneli ya mono, yenye mkondo mmoja wa sauti, kitufe hicho ni pani, nacho huugawa mkondo huo kati ya spika ya kushoto na ya kulia kwa kiasi unachotaka. Kwenye chaneli ya stereo, ambayo tayari ina mikondo miwili, huwa ni balansi, ambayo kwa kawaida haihamishi kitu bali hupunguza nguvu ya upande mmoja. Ukiizungusha balansi hadi mwisho wa kushoto, ala iliyorekodiwa kulia tu haitahamia kushoto, itapotea.

Tofauti hiyo huonekana wazi unapounganisha kinanda. Ukichomeka waya zake mbili kwenye chaneli mbili za mono, peleka pani ya chaneli ya kwanza hadi mwisho wa kushoto na ya pili hadi mwisho wa kulia, kwa sababu zikiachwa zote katikati, stereo ya kinanda hufa na baadhi ya sauti huweza kufifia. Mwenye waya mmoja atumie tundu lililoandikwa L/MONO.

Kabla ya kupanga bendi, weka pani zote katikati na usawazishe sauti kwanza kwa vitelezi, yaani vidhibiti vya kusukuma juu na chini vinavyoongeza au kupunguza sauti ya kila chaneli. Kisha usome alama ya kitufe kama mshale mfupi wa saa ya ukutani: saa sita ni katikati, saa nne ni kushoto kiasi, saa nane ni kulia kiasi. Tuchukue bendi ya dansi inayorekodi. Mwimbaji, gitaa la besi na ngoma ya mguu hukaa saa sita. Sauti nzito huhitaji nguvu ya spika zote mbili, na isitoshe, sikio hupata shida kutambua zinatoka upande gani. Uhondo wenyewe uko kwenye magitaa. Solo na ridhimu hupigwa katika eneo linalokaribiana la sauti, hivyo hufunikana, na fundi asiye na subira huongeza moja, kisha nyingine, mpaka mwimbaji anamezwa. Peleka ridhimu saa nne na solo saa nane, na mara nyingi kila moja litasikika bila kuguswa kitelezi. Waitikiaji wawili huweza kutengwa zaidi, saa mbili na saa kumi. Kwa drams, amua kama msikilizaji amekaa kwenye kiti cha mpigaji au mbele ya jukwaa, maana kushoto kwa mmoja ni kulia kwa mwingine, na usibadilishe uamuzi huo katikati ya kazi.

Miksa nyingi hupunguza sauti iliyo katikati kwa takriban desibeli 3, ili isizidi pale spika mbili zinapoitoa pamoja, lakini kiasi hicho hutofautiana. Kwa hiyo rudia kitelezi kila unapohamisha ala. Halafu sikiliza kazi yote kwa mono, maana wengi wataisikia kupitia spika moja ya simu. Magitaa yakigombana tena hapo, tatizo ni la ikwalaiza, yaani vidhibiti vya sauti nzito, za kati na nyembamba, na pani ilikuwa imelificha tu.

Balansi itumie kwa uchache. Upande mmoja wa muziki unaotoka kwenye kompyuta ukiwa dhaifu, badilishana kwanza waya mbili pale zinapoingia kwenye miksa: udhaifu ukihama, kasoro iko kwenye waya au kompyuta, ukibaki palepale, iko kwenye miksa yenyewe, amplifaya au spika.

Ukumbini au kanisani, punguza mbwembwe. Aliyeketi karibu na spika ya kushoto hasikii vizuri ya kulia, kwa hiyo usivuke saa nne na saa nane, na mahubiri yabaki katikati. Isitoshe, kumbi nyingi zimefungwa mono, na pengine waya unaokwenda kwenye amplifaya hutoka tundu la kushoto peke yake. Hapo chaneli yenye pani iliyozungushwa hadi mwisho wa kulia itakuwa kimya kabisa hata taa zake zikiwaka, kwa hiyo itazame pani kabla ya kubadilisha maikrofoni.