Chemchemi ilindwe kabla ya kumwaga saruji

Anzeni na kipimo cha maji ya chemchemi, tena Oktoba, mvua zikiwa bado. Zibeni pembeni kwa udongo wa mfinyanzi, maji yote yapite kwenye bomba moja fupi, mkinge ndoo ya lita 20 huku mkihesabu sekunde. Rudieni mara tano, mchukue wastani. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, mna nusu lita kwa sekunde, sawa na lita 43,200 kwa siku. Msitumie kipimo cha Machi: mtajenga vituo vya kuchotea maji ambavyo Oktoba vitakauka. Wala msichukue maji yote. Mto Ruaha Mkuu hukauka kiangazi kwa sababu kila aliye juu huchota kana kwamba chini hakuna mtu.

Kisha pimeni mita 60 kuzunguka chemchemi ziwe eneo la hifadhi, umbali uleule ambao Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 imeuweka kwa kingo za mito. Kwa Iringa na Njombe, hapa ndipo penye ugomvi, kwa sababu ya vinyungu, yaani bustani za bondeni. Mitaro inayochimbwa kati ya matuta hukausha tope la bonde, na tope hilo ndilo ghala la maji ya kiangazi. Lakini kinyungu ndicho chakula cha familia kabla ya mavuno. Mwenye nacho apewe kwanza eneo lingine chini zaidi, ndipo mfukie mitaro yake.

Mikaratusi iondoke. Msing'oe visiki karibu na jicho la chemchemi, pale maji yanapotokea, mtatibua njia za maji. Kateni usawa wa ardhi, mmenye gamba la kisiki mpaka chini ya udongo, na kila machipukizi yakitokea myavunje. Sumu ya magugu isikaribie hapo kabisa. Pandeni mivengi, miti ya asili inayotunza maji, mvua zikishakolea, Desemba.

Saruji ndiyo ya mwisho, na kosa lake kubwa ni moja. Bomba la kutolea maji ya ziada likikaa juu ya jicho, maji hujaa ndani ya sanduku la saruji linalokinga chemchemi, yanasukuma nyuma, na chemchemi inatafuta njia nyingine. Asubuhi moja mnakuta sanduku kavu na tope limefumuka mita kumi pembeni. Kwa hiyo wekeni alama ya usawa wa jicho kabla ya kuchimba, na bomba hilo la maji ya ziada likae chini ya alama hiyo. Nyuma ya ukuta jazeni mawe yaliyooshwa, juu yake mfinyanzi ulioshindiliwa. Upande wa mlimani, kama mita kumi juu, chimbeni mtaro wa kukinga maji ya mvua, na uzio upite juu ya mtaro huo ili ng'ombe wasiubomoe.