Somo: Kompyuta ya famasi imjue mgonjwa, isijue mauzo tu

Famasi nyingi siku hizi zina kompyuta. Iulize jana mmeuza shilingi ngapi, itakujibu hapo hapo. Iulize yule bibi aliyetoka sasa hivi anakunywa dawa gani kwa jumla, itakaa kimya. Hilo ndilo tulirekebishe leo, na si lazima ununue mfumo mpya.

Nianze na kisa. Famasi moja niliyowahi kufanya kazi, alikuja mama mtu mzima, miguu imevimba hata kandambili hazimwingii. Nikamwomba mfuko wake wa dawa, nikaumwaga kaunta. Maboksi mawili, rangi mbili, majina mawili, kampuni mbili. Nikayageuza nikasoma maandishi madogo: amlodipine (dawa ya presha) mg 10, na la pili amlodipine mg 10. Kiwango cha juu cha dawa hiyo kwa siku ni mg 10, na kuvimba miguu ni katika madhara yake yanayojulikana sana. Zote mbili tulimuuzia sisi wenyewe, wiki mbili zikipishana, kwa mikono ya watoa dawa wawili. Kompyuta haikuona kosa, kwa sababu kila jina la biashara ilikuwa imelihesabu kama bidhaa yake. Nilimpigia daktari wake palepale, akabakiza moja.

Hatua ya 1: Kila bidhaa ipewe jina halisi la dawa

Fungua orodha ya bidhaa na uongeze sehemu tatu: jina halisi, nguvu, na umbo (kidonge, dawa ya maji, sindano). Ukiwa na bidhaa mia nane usijaribu kuzimaliza usiku mmoja. Anza na dawa za presha, za kisukari na za maumivu, maana ndizo hujirudia kwa majina mengi. Dawa za mafua uzikague moja moja, nyingi zina paracetamol ndani na mteja hajui.

Tahajia iwe moja. Mmoja akiandika "amlodipine" na mwenzake "amlodipin", kompyuta itaona dawa mbili na mtarudi palepale.

Hatua ya 2: Mgonjwa mmoja, faili moja

Tumia jina kamili, mwaka wa kuzaliwa na namba ya simu kwa pamoja. Namba peke yake haitoshi, kuna nyumba ambazo simu moja ni ya watu watano. Kisha weka mzio wa dawa, uzito kwa watoto, na kama mama ni mjamzito au ananyonyesha.

Halafu kuna sehemu ambayo mifumo mingi ya mauzo haina, na mimi naiona kuwa muhimu kuliko zote: *dawa anazopata kwingine*. Kompyuta yako inajua ulichouza, haijui anachokunywa. Chukua anayetumia dolutegravir, dawa ya VVU, kutoka CTC, yaani kliniki ya huduma za VVU. Kwako amekuja kununua vidonge vya kalsiamu au vya madini ya chuma tu. Akivimeza pamoja na dolutegravir tumbo likiwa tupu, dawa yake haifyonzwi vizuri. Inatakiwa dolutegravir itangulie kwa saa mbili, au isubiri saa sita baada ya hivyo vidonge. Tena dolutegravir hupandisha kiwango cha metformin, dawa ya kisukari, mwilini, kwa hiyo mwenye kisukari dozi yake inahitaji kuangaliwa na daktari. Hayo yote hutayajua usipouliza, na uulize kwa sauti ya chini, pembeni, si mbele ya foleni.

Hatua ya 3: Lebo isomeke kwa Kiswahili

Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Bahasha ya "1x3" (kidonge kimoja mara tatu kwa siku) sisi tunaielewa, lakini mgonjwa akipata leo 1x2 na kesho 2x1, ni rahisi kuchanganya. Andika: "Kidonge kimoja asubuhi, kimoja usiku, baada ya kula."

Kubwa zaidi ni saa. Printa ikitoa "8:00", Mswahili anasoma saa nane, na saa nane ni mchana. Wewe ulikusudia saa mbili asubuhi! Ingia kwenye mpangilio wa lebo uondoe saa za namba, uweke maneno.

Angalia dawa mseto ya malaria, ALu. Mtu mzima hupewa vidonge 24: vinne mara mbili kwa siku, siku tatu. Dozi ya pili hufuata saa nane baada ya ya kwanza. Sasa mwambie mgonjwa "nyingine baada ya saa nane". Amesikia nini? Pengine amesikia mchana ikishapita saa nane. Piga hesabu mwenyewe umwandikie: "Ya kwanza saa 4 asubuhi, ya pili leo saa 12 jioni, kuanzia kesho asubuhi na jioni." Kisha mwombe akusomee.

Hatua ya 4: Bechi na tarehe ya kuisha muda

Namba ya bechi (kundi la dawa zilizotengenezwa pamoja) na tarehe viingie siku mzigo unapopokelewa. Inayokaribia kuisha muda itoke kwanza. Mamlaka ya dawa ikitangaza bechi fulani irudishwe, utajua nani anayo nyumbani na utampigia.

Hatua ya 5: Kila mtu na nywila yake

Hakuna nywila ya famasi nzima iliyobandikwa kwenye kioo cha kompyuta.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mfumo wetu unaleta maonyo kila dawa, tumezoea kubonyeza "sawa" bila kusoma. Tufanyeje?*

Mkosi huo ni wa wengi, na ni hatari kweli. Kaeni na mfamasia mkuu mpunguze orodha. Bakizeni maonyo yanayowafanya mbadilishe kitu: dawa moja mara mbili, mzio, ujauzito, na miingiliano mikubwa ya dawa kwa dawa, kama rifampicin (dawa ya kifua kikuu) na vidonge vya uzazi wa mpango.

*Umeme ukikatika, shikamoo?*

Marahaba. Weka daftari lenye safu zile zile za kompyuta, kwa mpangilio ule ule. Umeme ukirudi, ingiza siku hiyo hiyo. Na nakala ya taarifa ihifadhiwe kila jioni mahali pengine, si kwenye kompyuta hiyo hiyo.

*Nina duka la dawa muhimu, sina kompyuta, nina simu tu.*

Inatosha, ndugu yangu. Jedwali kwenye simu lenye safu sita: mgonjwa, mwaka wa kuzaliwa, jina halisi la dawa, nguvu, mzio, dawa za kwingine. Simu iwe ya kazi na iwe na nywila, isiwe ile ambayo watoto wanachezea gemu.

*Naweza kuwatumia wagonjwa ujumbe wa kuwakumbusha dawa?*

Waombe ridhaa kwanza, na iandikwe kwenye faili. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019, na taarifa za afya zinalindwa kwa uzito wa pekee. Jina la dawa lisionekane kwenye ujumbe kabisa. Andika tu: "Habari, muda wako wa kupita kwetu umefika." Simu hiyo huenda ikafunguliwa na mume, mke, mtoto au bosi.