Kabla hujamshtaki aliyekanyaga shamba lako

Weka hati ya umiliki wa ardhi pembeni kwanza. Najua ndiyo watu hunipa wakiketi tu mbele ya meza yangu, lakini mimi naanza na swali jingine: siku ile mtu alipoingia, nani alikuwa ameishika ardhi? Nani alilima, nani alifunga lango? Madai ya uvamizi wa ardhi humlinda aliyeishika. Nililijua hili kwa uchungu. Mwanzoni mwa kazi nilifungua madai kwa jina la mwenye nyumba, ilhali nyumba alikuwa ameipangisha. Yakatupwa. Wa kudai alikuwa mpangaji. Mwenye nyumba angesikilizwa kama jengo lenyewe lingeharibiwa kwa namna ya kudumu. Tangu hapo nauliza ufunguo uko kwa nani.

Kisha andika alichofanya hasa. Kukanyaga, kumwaga kifusi, kuegemeza ngazi ukutani kwako: yote ni kuingia. Moshi unaopeperuka kutoka kwake ni madai ya kero, yaani ya kusumbuliwa na jirani, usiyachanganye na haya ya uvamizi.

Wengi hukata tamaa bure wakiambiwa, "Sikujua mpaka uko wapi." Kutojua hakumwokoi. Uingereza, mwaka 1681, katika kesi ya Basely na Clarkson, mtu alifyeka nyasi za jirani akidhani ni zake, akawajibishwa, kwa kuwa alikusudia kufyeka pale. Aliyebebwa kwa nguvu akatupwa kwako ndiye asiye na kosa; wa kushtakiwa ni waliombeba.

Kuhusu ruhusa, jihoji kwa ukweli. Uliwahi kumwambia apite? Ruhusa ya hivyo kwa kawaida unaweza kuiondoa, ila mpe muda wa kutosha kutoka. Akiendelea kubaki, hapo amekuwa mvamizi. Na wapo wanaoruhusiwa na sheria yenyewe, kama polisi mwenye hati halali ya upekuzi.

Tafadhali usingoje mazao yaharibike. Mwaka 1765, katika kesi ya mwandishi John Entick, ambaye wajumbe wa serikali walimwingilia nyumbani wakapekua makaratasi yake, jaji Lord Camden alishikilia kwamba kuingia bila ruhusa ni uvamizi hata pasipoharibika kitu. Ni kweli, pasipo hasara fidia huweza kuwa ndogo sana. Kwa hiyo kama mtu anarudi kila mara, omba na zuio la mahakama katika madai hayohayo, na kila anapoingia piga picha inayoonyesha alama ya mpaka, uandike tarehe siku hiyohiyo.